Anayemlipia Mwendesha Mashtaka Gharama Ndiye wa Kuangaliwa

Kila mara kundi la wanaharakati linapokusanyika nje ya ofisi ya waendesha mashtaka likidai fulani afikishwe mahakamani, au linapokusanya saini mitandaoni kupinga kufutwa kwa kesi, huibuka sauti za viongozi na wachambuzi zikionya kwamba uhuru wa ofisi hiyo uko hatarini. Onyo hilo tumelizoea kiasi kwamba hatulihoji tena. Wakati huohuo kuna jambo jingine linalozidi kuota mizizi katika nchi tajiri na maskini: ofisi za mashtaka zinatiliana saini hati za makubaliano na vyama vya wafanyabiashara, wafadhili na asasi za kiraia, kisha zinapokea mafunzo, vifaa, programu za kompyuta, miongozo ya kuendeshea kesi, na pengine hata mawakili wa kuazima ambao mishahara yao inalipwa na mtu wa nje. Jambo hilo hupigiwa makofi kwenye hafla, picha zikapigwa, na habari ikaishia hapo.

Naona tumeelekeza macho pasipo. Kundi linalopiga kelele mlangoni linaonekana, linajulikana linataka nini, na linaweza kujibiwa hadharani. Linalostahili kututia wasiwasi ni lile ambalo limeshakaribishwa ndani, likaketi, na sasa linalipa sehemu ya gharama. Sisemi kila msaada ni rushwa, wala kila anayetoa ana nia mbaya. Wengi wana nia njema kabisa, na ndiyo maana jambo hili ni gumu kulisema bila kuonekana mchoyo wa shukrani. Lakini mwendesha mashtaka aliyetishwa anajua ametishwa na anaweza kukataa. Aliyesaidiwa hupendelea bila kujua kwamba anapendelea.

Tuanze na mamlaka yenyewe. Hakimu husikiliza kesi iliyoletwa mbele yake. Mwendesha mashtaka ndiye anayeamua iletwe au isiletwe, iletwe kwa kosa lipi, dhidi ya nani kati ya watu watano waliotajwa kwenye maelezo, na yupi kati ya hao ageuzwe shahidi. Uamuzi wa hakimu husomwa mbele ya watu, una sababu zilizoandikwa, na hukatiwa rufaa. Uamuzi wa kutoshtaki, katika nchi nyingi, huishia kwenye sentensi moja ndani ya jalada lililofungwa. Tarehe 1 Aprili 1940, Robert Jackson, wakati huo akiwa Mwanasheria Mkuu wa Marekani, aliwaambia waendesha mashtaka wa serikali ya shirikisho waliokusanyika Washington kwamba hakuna mtu nchini humo mwenye mamlaka makubwa kuliko wao juu ya maisha, uhuru na jina la mtu. Akaonya kwamba hatari kubwa kuliko zote ni mwendesha mashtaka kuchagua kwanza mtu wa kumkamata, kisha kupekua vitabu vya sheria kumtafutia kosa. Onyo hilo lina upande wa pili ambao hautajwi sana. Si lazima mwendesha mashtaka ndiye amchague mtu huyo. Anaweza kuchaguliwa na yule anayeleta kesi ikiwa imeshaiva.

Sheria zetu za kulinda uhuru huu ziliandikwa zikiitazama Ikulu na wizara. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 157, inasema Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma hahitaji ridhaa ya mtu wala mamlaka yoyote kuanzisha kesi, na hatakuwa chini ya maelekezo ya yeyote. Katiba ya Tanzania, ibara ya 59B, inamtaka Mkurugenzi wa Mashtaka awe huru na asiingiliwe, huku akizingatia nia ya kutenda haki, kuzuia matumizi mabaya ya taratibu za utoaji haki, na maslahi ya umma. Afrika Kusini, kifungu cha 179 cha Katiba kinataka mashtaka yaendeshwe bila woga, upendeleo wala chuki. Ulaya nako mjadala umekuwa huohuo: Mei 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba waendesha mashtaka wa Ujerumani hawawezi kutoa hati za ukamataji za Ulaya, kwa sababu sheria inaruhusu waziri wa sheria kuwapa maelekezo juu ya kesi mahususi. Ulinzi huo wote ni wa lazima na umepatikana kwa jasho. Ila umeacha wazi mlango mwingine. Viwango vya Jumuiya ya Kimataifa ya Waendesha Mashtaka vya mwaka 1999 ni miongoni mwa maandiko machache yanayoutaja waziwazi, vinapotaka mwendesha mashtaka asiathiriwe na maslahi ya watu binafsi au ya makundi, wala na shinikizo la umma na vyombo vya habari, bali atazame maslahi ya umma peke yake. Tumeishika sana ile sehemu ya shinikizo la umma. Ile ya maslahi ya makundi tumeiacha ipite.

Ili kuona jinsi maslahi hayo yanavyoingia, tazama majalada mawili juu ya meza moja. La kwanza ni jembamba: maelezo ya mlalamikaji yaliyoandikwa kwa mkono, mashahidi wawili ambao mmoja hapokei simu, kielelezo kilichotajwa lakini hakimo, na mpelelezi ambaye ameshahamishiwa kituo kingine. La pili limefungwa vizuri, kila ukurasa na muhuri wake. Lina taarifa ya mkaguzi wa hesabu, uchambuzi wa mtaalamu wa kompyuta, mashahidi sita wenye anwani kamili, na barua ya chama cha wafanyabiashara kinachojitolea kuwalipia mashahidi hao nauli na malazi. Mwendesha mashtaka ana majalada mengine yanayomsubiri, na mwisho wa mwaka atapimwa kwa kesi alizoshinda. Atachukua lipi kwanza? Hahitaji kuhongwa ili alichukue la pili, na sababu yake itakuwa ya kitaalamu kabisa: ushahidi unatosha. Lakini umetosha kwa sababu yupo mwenye fedha aliyeutosheleza. La kwanza huenda ni la mjane aliyenyang'anywa shamba, au la kibarua aliyeumizwa na mwajiri wake. Litafungwa kwa maneno "ushahidi hautoshi", na maneno hayo nayo yatakuwa ya kweli.

Iko kesi ya California ambayo kila anayejadili suala hili angepaswa kuijua. Mwaka 1992 kampuni ya programu za kompyuta ya Borland ililalamika kwamba ofisa wake aliyekuwa akihamia kwa mshindani, Symantec, alimpelekea bosi wake mpya siri za biashara. Ofisi ya mwendesha mashtaka wa kaunti ya Santa Cruz haikuwa na wataalamu wa kuchambua kompyuta wala fungu la kuwalipa, na Borland ikagharamia takriban dola 13,000. Hakuna aliyetia fedha hizo mfukoni. Zilikwenda kwa wataalamu, kwa kazi iliyofanyika kweli. Hata hivyo mwaka 1996 Mahakama ya Juu ya California ilikubali kwamba ofisi nzima iondolewe katika kesi hiyo. Hofu ilikuwa kwamba mwendesha mashtaka aliyelipiwa gharama atajiona ana deni kwa aliyemlipia, na deni hilo linaweza kumfanya ashikilie kesi ambayo angeiacha kama isingekuwa hivyo. Kiasi chenyewe kinafundisha. Kwa kampuni ya ukubwa ule dola 13,000 si kitu, na kwa bajeti ya kaunti nzima pia si nyingi. Kilichopimwa ni uhusiano uliozaliwa na malipo hayo.

Miaka 9 kabla yake, mwaka 1987, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa imeshughulikia sura nyingine ya tatizo hilihili. Mawakili wa kampuni ya mikoba ya Louis Vuitton walikuwa wameteuliwa na jaji kuwashtaki kwa kudharau mahakama watu waliodaiwa kuvunja amri ya kutouza bidhaa bandia, amri ambayo kampuni hiyohiyo ilikuwa imeipata. Mahakama ilitengua hukumu. Wakili wa mtu mwenye maslahi katika amri hawezi kuvaa joho la mwendesha mashtaka wa umma katika shauri la kuvunjwa kwa amri hiyo, hata kama ni mwadilifu kiasi gani. Ninachokipenda katika uamuzi ule ni kwamba mahakama haikujiuliza kama mawakili hao walifanya hila. Ilijiuliza wanamtumikia nani.

Hapa haki inataka tusikilize hoja ya upande mwingine, na ni hoja nzito. Serikali nyingi hazizipi ofisi za mashtaka fedha za kutosha. Uhalifu wa siku hizi, wa miamala ya mitandaoni, wa nyara za wanyamapori zinazovuka mipaka, wa bima na hakimiliki, unahitaji utaalamu ambao hata mataifa tajiri hulazimika kuununua. Kama tukikataa kila msaada kwa jina la usafi, tutakuwa tumewahakikishia wahalifu wenye akili nyingi kwamba hawatashtakiwa kamwe. Massachusetts walikutana na swali hili moja kwa moja. Sheria ya jimbo iliyataka makampuni ya bima yachangie gharama za waendesha mashtaka maalumu wa kesi za ulaghai wa bima chini ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo, na washtakiwa wakalalamika kwamba wanashtakiwa na watu wanaolipwa na mlalamikaji. Mwaka 1999 mahakama ya juu kabisa ya jimbo hilo ilikataa hoja yao. Mchango ule uliwekwa na bunge, ulikuwa wa lazima kwa makampuni yote, na hakuna kampuni iliyoweza kuutumia kuamua nani ashtakiwe au kuuzuia ikichukizwa na uamuzi. Unaweza kutokubaliana na matokeo. Mimi mwenyewe bado nauliza kwa nini walaghai wa bima wapate waendesha mashtaka wao maalumu ilhali waajiri wanaoiba mishahara ya vibarua hawana. Lakini mahakama ilitupa kipimo kinachofaa, kwa sababu kinaacha kuuliza kama fedha zimetoka nje na kuuliza kama mtoaji anaweza kuzielekeza au kuzirudisha mfukoni.

Ukishika kipimo hicho, misaada mingi inayosifiwa leo inaanza kuonekana tofauti. Tangu mwaka 2017 kituo kimoja cha chuo kikuu mjini New York, kilichoanzishwa kwa fedha za taasisi ya hisani ya Bloomberg, kimekuwa kikipeleka mawakili kwenye ofisi za wanasheria wakuu wa majimbo ya Marekani kufanya kazi za mazingira na nishati, mishahara yao ikilipwa na kituo. Mimi ni mtu ninayetaka wachafuzi wa mazingira washtakiwe. Hata hivyo siwezi kuukubali mpango huo kwa sababu tu naupenda mwelekeo wake, maana nikiukubali leo sitakuwa na neno kesho chama cha wachimba mafuta kikipeleka mawakili wake kuwashtaki waandamanaji wanaofunga barabara za kuelekea visimani. Uingereza nako, tangu 2012, kikosi cha Polisi wa Jiji la London kinachochunguza ulaghai wa bima hugharamiwa na makampuni ya bima. Hao ni polisi, si waendesha mashtaka, lakini mwendesha mashtaka hupokea kile ambacho wapelelezi wamempelekea. Aliyelipia upelelezi ameshachagua ni majalada yapi yatafika mezani.

Sasa nirudi kwa wale wa mlangoni, wenye mabango. Yapo madai dhidi yao ambayo siwezi kuyapuuza. Hasira ya umma inaweza kumsukuma mwendesha mashtaka kumfikisha mtu mahakamani kabla ushahidi haujakamilika, na mtu huyo akasota mahabusu, akapoteza kazi na jina, hata kama mwishoni ataachiwa. Kenya iliuona msukumo huo katika kesi za pembe za ndovu. Utafiti wa asasi ya WildlifeDirect kwenye mafaili ya mahakama, kuanzia Januari 2008 hadi Juni 2013, ulionyesha kwamba ni asilimia 4 tu ya waliotiwa hatiani kwa makosa dhidi ya tembo na faru waliokwenda jela. Kelele zilipigwa, sheria mpya ya wanyamapori ya 2013 ikaja na adhabu kali, na makundi ya uhifadhi yakaanza kukaa mahakamani siku za kesi na kuandika kila kilichotokea. Julai 2016 mahakama ya Mombasa ilimhukumu mfanyabiashara mmoja kifungo cha miaka 20 na faini ya shilingi milioni 20 kwa shehena ya pembe zenye uzito wa zaidi ya tani 2. Agosti 2018 Mahakama Kuu ikamwachia huru kwenye rufaa, ikiona ushahidi haukutosha kumfunga. Wapo wanaosema hapo ndipo unapoona madhara ya uanaharakati. Mimi naona kinyume. Kelele zililifanya suala lililokuwa limelala liamke, zikawafanya mahakimu na waendesha mashtaka wajue kuna mtu anayesoma mafaili yao. Kilichoshindikana ni kazi ya upande wa mashtaka yenyewe, na Mahakama Kuu ilipoamua kumwachia mshtakiwa hakuna bango lililoizuia. Shinikizo la hadharani lina breki zake: kila mmoja analiona, na mahakama inaweza kulipinga mchana kweupe.

Kelele huwa hatari kweli pale zinapoweza kugeuzwa kuwa kitu kingine. Katika majimbo mengi ya Marekani waendesha mashtaka wa kaunti huchaguliwa kwa kura, na kura huhitaji fedha za kampeni. Hapo mwenye bango na mwenye hundi wanaweza kuwa mtu mmoja. Lakini angalia tumefika wapi tena: kwenye hundi.

Upande wa pili wa mizani kuna watu ambao bila makundi wasingesikilizwa kabisa. Machi 2007 asasi za Ufaransa, Sherpa ikiwa mojawapo, zililalamika kwa waendesha mashtaka wa Paris kuhusu majumba na magari ya kifahari yaliyonunuliwa nchini humo na familia za marais wa Afrika kwa fedha zinazodaiwa kuwa za wananchi wao. Novemba mwaka huohuo mwendesha mashtaka akalifunga suala. Wafuasi wa nadharia ya "msiingilie ofisi" wangeishia hapo. Lakini sheria ya Ufaransa inamruhusu aliyedhurika kujiunga na shauri la jinai kama mdai na kumlazimisha jaji mchunguzi alifungue, na tawi la Ufaransa la Transparency International lilitumia njia hiyo huku waendesha mashtaka wakilipinga. Tarehe 9 Novemba 2010 mahakama ya juu ya Ufaransa iliamua kwamba asasi hiyo ina haki ya kuwa mdai. Oktoba 2017 Teodorin Obiang, makamu wa rais wa Guinea ya Ikweta, alitiwa hatiani mjini Paris, na Julai 2021 hukumu hiyo ikathibitishwa na mahakama hiyohiyo ya juu. Mwendesha mashtaka aliyekataa kuanza alikuwa ndani ya mfumo unaosimamiwa na waziri wa sheria, wa serikali yenye uhusiano wa miongo na marais waliotajwa. Kundi la ushawishi ndilo lililoleta kutopendelea mahali ambapo ofisi ya umma ilikuwa imeegemea upande.

Waholanzi wana njia ninayoiona bora zaidi. Ibara ya 12 ya sheria yao ya mwenendo wa jinai inamruhusu mwenye maslahi ya moja kwa moja, pamoja na taasisi ambayo malengo na kazi zake zimeguswa, kulalamika mahakamani dhidi ya uamuzi wa kutoshtaki. Mwaka 2008 waendesha mashtaka walikataa kumshtaki mwanasiasa Geert Wilders kwa kauli zake juu ya Uislamu na Waislamu. Walalamikaji wakaenda Mahakama ya Rufaa ya Amsterdam, na Januari 2009 mahakama ikaamuru ashtakiwe. Kilichofuata ndicho kinachonivutia. Mwendesha mashtaka alitii amri, akaendesha kesi, kisha akasimama mahakamani na kuomba mshtakiwa aachiwe kwa sababu kwa maoni yake makosa hayakuthibitika. Juni 2011 Wilders akaachiwa. Walalamikaji walisikilizwa, mshtakiwa akalindwa, na mwendesha mashtaka akabaki na kauli yake mwenyewe hadi mwisho. Mvutano wote ulipita mbele ya majaji kwa maandishi, na leo tunaweza kuusoma na kuubishia.

Katika hoja zote za kutetea misaada ya kimyakimya, ninayoiona dhaifu kuliko zote ndiyo inayotolewa mara nyingi zaidi: kwamba mtoa msaada na mwendesha mashtaka wanapinga uhalifu uleule, kwa hiyo hakuna mgongano wa maslahi. Anayeibiwa anataka mwizi akamatwe, umma unataka mwizi akamatwe, tatizo liko wapi? Tatizo ni kwamba aliyeibiwa, au anayeamini ameibiwa, hana sababu ya kutafuta ushahidi kwamba hakuibiwa. Mwendesha mashtaka anao wajibu huo. Mwongozo wa 13 kati ya miongozo ya Umoja wa Mataifa kwa waendesha mashtaka, iliyopitishwa Havana mwaka 1990, unamtaka azingatie mazingira yote yanayohusika, yawe yanamfaa mtuhumiwa au yanamwumiza, na wa 14 unamtaka aachane na mashtaka pale uchunguzi usioegemea upande unapoonyesha hayana msingi. Uingereza imeona kinachotokea kazi hizo mbili zikichanganywa. Shirika la Posta la nchi hiyo lilikuwa na desturi ya kuendesha lenyewe mashtaka ya jinai dhidi ya wasimamizi wa matawi yake. Baada ya kuwekwa mfumo wa kompyuta wa Horizon, uliotengenezwa na Fujitsu, mwaka 1999, hesabu za matawi zilianza kuonyesha upungufu wa fedha. Msimamizi aliyekesha usiku akihesabu sarafu mara ya tatu alikuta kiasi kilekile dukani, na skrini ikisema kuna pungufu. Kwa shirika, skrini ilikuwa sahihi na mtu ndiye mwizi. Zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani hadi mwaka 2015, takriban 700 kati yao katika kesi zilizoendeshwa na shirika lenyewe. Wapo waliofungwa, waliofilisika, na waliojiua. Aprili 2021 Mahakama ya Rufaa ilifuta hatia za watu 39 kwa mkupuo, ikisema taarifa za kasoro za mfumo zilifichwa washtakiwa, na Mei 2024 Bunge likalazimika kutunga sheria ya kufuta hatia zilizobaki. Si lazima wanasheria wote wa shirika lile wawe walikuwa watu waovu. Walikuwa na mteja, na mteja alikuwa na mfumo wa kuulinda.

Baadhi ya watu hujibu kwamba basi tuyaache makundi yaendeshe mashtaka binafsi, ofisi ya umma ibaki safi. Afrika Kusini, shirika la AfriForum lilianzisha kitengo cha namna hiyo mwaka 2017 chini ya Gerrie Nel, mwendesha mashtaka mashuhuri aliyetoka serikalini. Sheria ya huko kwa kawaida inahitaji kwanza cheti cha ofisi ya umma kwamba imekataa kushtaki, na mlalamikaji awe ameguswa na jambo hilo yeye mwenyewe. Hizo ni kinga nzuri. Ila baada ya Horizon nadhani mashtaka binafsi yabaki kuwa mlango wa dharura, na popote yanaporuhusiwa, mkurugenzi wa mashtaka awe na uwezo wa kuichukua kesi na kuifuta inapobidi.

Yanayofuata kutoka katika haya yote yanahitaji zaidi ya semina ya maadili. Kwanza ni bajeti. Bunge linalokata fungu la ofisi ya mashtaka linakuwa limeamua, hata bila kutamka, kwamba pengo litazibwa na mwenye maslahi, na wabunge waulizwe hilo wakati wa kupitisha makadirio. Msaada wa nje unaokubaliwa uingie kwenye mfuko mkuu wa ofisi, usifungwe kwenye aina moja ya kesi, na usiwe wa kuondolewa ghafla mfadhili akichukizwa na uamuzi. Mafunzo ya jinsi ya kutunza vielelezo au kusoma taarifa za benki sina ugomvi nayo, mradi mawakili wa utetezi nao waalikwe chumba kilekile na miongozo ichapishwe. Mwongozo wa siri unaowaeleza waendesha mashtaka jinsi ya kuliona kosa, ulioandikwa na mwenye kudai kosa hilo, ni hoja ya upande mmoja iliyovalishwa nembo ya serikali. Kuhusu waendesha mashtaka wa umma wenyewe kuwa wanachama wa vyama na asasi, mwongozo wa 8 wa Havana unawapa haki hiyo kama raia wengine, nami nisingependa waipoteze. Watangaze uanachama wao, na wajitoe kwenye jalada linaloigusa asasi yao.

Upande wa makundi, mlango wa mbele upanuliwe. Umoja wa Ulaya tangu 2012 una maelekezo yanayowapa waathirika haki ya kuomba uamuzi wa kutoshtaki upitiwe upya, na Uingereza ilianzisha utaratibu wake wa mapitio Juni 2013. Nchi zisizo na kitu cha namna hiyo zinawaachia watu njia mbili tu, kuandamana au kumjua mtu wa ndani, kisha zinashangaa kwa nini wanafanya yote mawili. Uamuzi wa kufunga jalada ukiandikwa sababu, akapewa mlalamikaji, na ukaweza kupingwa mbele ya jaji, mwenye bango atakuwa na mahali pa kulipeleka dai lake.

Na mshtakiwa asisahaulike, kwa maana yeye ndiye anayebeba gharama ya upendeleo tusiouona. Kwenye kesi ya Santa Cruz washtakiwa waliweza kulalamika kwa sababu walifahamu nani alilipa. Katika sehemu nyingi za dunia wasingefahamu. Wajibu wa upande wa mashtaka kumpa mshtakiwa ushahidi wote utanuliwe ujumuishe taarifa hii pia: nani aligharamia upelelezi, nani alilipia wataalamu na nauli za mashahidi, wakili gani aliazimwa na kutoka wapi, na ni vikao gani vilifanyika na mlalamikaji kabla ya hati ya mashtaka kusainiwa. Iwekwe kwenye jalada siku ya kwanza ya kesi, bila mshtakiwa kulazimika kuiomba, na hakimu awe na mamlaka ya kuiondoa ofisi katika kesi pale maelezo hayo yanapofichwa.